Somo: Namna ya kutumia tafiti za kitabibu kwenye kesi ya fidia ya majeraha

Wakuu, kuna watu wanaingia mahakamani na rundo la makala za kitabibu halafu wanatoka mikono mitupu. Inaniuma, maana wengi wao waliumia kweli. Tatizo ni kwamba utafiti unazungumzia makundi ya watu, na hakimu anataka kujua habari zako wewe mmoja.

Hatua ya 1: Anza na faili lako la hospitali. Chukua maelezo ya siku ya kwanza, vipimo, picha, na rekodi za kabla ya ajali.

Hatua ya 2: Tenganisha maswali mawili. Je, tukio hili linaweza kuleta jeraha la aina hii? Na je, ndilo lililoniumiza mimi? Utafiti hujibu la kwanza; la pili hujibiwa na faili lako. Mfano, umegongwa kichwa, kinauma miezi mitatu, na mdaiwa anasema picha ya CT (kipimo cha mionzi kinachoonyesha ndani ya kichwa) haikuonyesha kitu. Hapo utafiti ni silaha: mtikisiko mdogo wa ubongo mara nyingi hauonekani kwenye CT.

Hatua ya 3: Tafuta makala kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za kitabibu; kutafuta ni bure. Tanguliza mapitio yanayojumlisha tafiti nyingi. Taarifa ya mgonjwa mmoja ni dhaifu. Hakikisha makala haijabatilishwa. Ile ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield kuhusu chanjo na usonji ilitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 1998, ikabatilishwa 2010.

Hatua ya 4: Tafuta utafiti unaokupinga kabla mdaiwa hajauleta. Wengi huiruka hatua hii. Mwaka 1994, New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Walipopigwa MRI (picha ya ndani ya mwili), asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja (kile kito kilicho kati ya pingili za mgongo) iliyovimba. Kwa hiyo picha ya diski peke yake haithibitishi kuwa ajali ndiyo iliyokuumiza. Rekodi zinazoonyesha hukuwahi kulalamikia mgongo ndizo zitakazokubeba.

Hatua ya 5: Wakabidhi tafiti hizo wakili wako na daktari atakayetoa ushahidi. Karatasi haiwezi kuhojiwa, daktari anaweza. Marekani, tangu kesi ya Daubert ya 1993, jaji wa mahakama ya shirikisho hupima kwanza kama njia aliyotumia mtaalamu ni ya kisayansi.

MASWALI

Swali: Mkuu, daktari aliyenitibu anatosha?
Jibu: Kueleza jeraha na matibabu, ndiyo. Kuhusu nini kilisababisha jeraha, muulize kwanza kama yuko tayari kutetea tafiti hizo akihojiwa na upande wa pili. Akisita, tafuta bingwa wa eneo hilo.

Swali: Utafiti wangu unasema hatari ya kuugua inaongezeka kwa asilimia 40 kwa waliokutana na kitu ninachokilalamikia. Si ushindi huo?
Jibu: Bado, ndugu yangu. Maana yake, kati ya wagonjwa 140 waliokutana na kitu hicho, 100 wangeugua hata bila hicho kitu. Waliobaki 40 hawafiki nusu, na kesi ya madai inataka uwezekano uliozidi nusu. Daktari wako aonyeshe kwa nini wewe uko kwenye wale 40: muda wa dalili kuanza, kiwango kilichokupata, na visababishi vingine alivyoviondoa.