Ukijua mtu anauguza mtoto Muhimbili na katoka mbali, msaidie hivi

Jamani wakazi wa Dar, wodi za watoto wenye saratani pale Muhimbili zina kina mama waliotoka Kigoma, Kagera, Mtwara huko, mtu kashuka stendi Mbezi na mtoto mgongoni na begi moja akijua ni wiki mbili, kumbe saratani ya damu matibabu yanaweza kufika miaka 2 hadi 3. Ukitaka kusaidia usianze na biskuti na juisi.

Anza kwa kumuuliza nyumbani kamwachia nani watoto. Shida yenyewe iko hapo. Wadogo wako kwa bibi, shamba halijapaliwa, baba anapiga simu mnarudi lini, siku uvimbe ukinywea kidogo mama anafunga mizigo, na dozi ikikatika njiani ugonjwa unaweza kurudi na nguvu. Kwa hiyo ukituma hela ya kibarua wa kupalilia kule kijijini umemsaidia mtoto kuliko ungemletea midoli. Bando pia, ili aongee na wanae wakionana sura. Ya bili mpeleke ustawi wa jamii hapohapo hospitali.

Chakula uliza manesi kwanza, kiwe kimepikwa kikaiva na kije cha moto. Kuna kijana wa miaka 9, wa Kigoma, siku tatu anakataa uji, chipsi hataki, kageukia ukutani. Nikamuuliza kwenu mnakula nini, akasema kwa sauti ndogo "migebuka", wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Nikaisaka mpaka nikapata, nikaichemsha rojo laini bila pilipili maana mdomo ulikuwa umechubuka na dawa, mama yake akachambua miiba mmoja mmoja, akala nusu bakuli. Nililia koridoni.

Kama wamepanga chumba nje, wanunulie kipimajoto. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo hata saa nane usiku, sio panadol tusubiri asubuhi, kinga yake iko chini sana, so wawekee kwenye simu namba ya bajaji unayemwamini. Na wewe ukiwa na mafua usiende kabisa.

Akiruhusiwa, kabla hajapanda basi piga picha kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki, wiki moja kabla mpigie umuulize, dada, nauli ipo?