Stadi za Kujitegemea kwa Mkazi wa Kampala: Pa Kuanzia

Mtu aliyekulia Kampala, akazoea maji ya bomba, mkaa wa kununua na bodaboda mlangoni, hudhani kwamba stadi za kujitegemea alizokuwa nazo babu yake hufundishwa msituni. Stadi hizo ziko kijijini, mikononi mwa wazee wanaozitumia hadi leo, na mahali pa kuzifanyia mazoezi ni ua wa nyumba unayoishi. Kwa hiyo safari ya Krismasi, ambayo wengi wetu huifanya kila Desemba, isiwe ya kukaa kibarazani kama mgeni. Peleka sukari, chumvi na sabuni kama ilivyo desturi, kisha amka alfajiri pamoja na wenyeji, wafuate kisimani na shambani, na uombe upewe kazi. Mzee akiulizwa maswali matupu hujibu kwa ufupi, lakini akikuona umeshika jembe na jasho linakutoka, atakueleza hata yale ambayo hukujua kuyauliza.

Anza na maji. Chemchemi nyingi za Kampala hutoa maji maangavu, ilhali kando yake kuna vyoo vya shimo, kwa hiyo uangavu usikudanganye. Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Kwenye milima inayozidi mita 2,000, kama Rwenzori, yaache yatokote dakika tatu. Usipokuwa na kuni, chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, ujaze maji yasiyo na tope na uilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Siku ya mvua njia hii haifai. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, na maji ya mtaro kama ule wa Nakivubo usiyaguse kabisa, kwa sababu jua haliondoi kemikali. Kando ya Ziwa Victoria kuna hatari nyingine inayosahaulika: vijidudu vya kichocho hupenya ngozi, hivyo anayeingia ziwani hadi magotini ili ateke maji ya kuchemsha anaweza kuwa ameshaambukizwa kabla hajawasha moto.

Katika moto, wanafunzi wengi hukimbilia kupekecha vijiti. Nashauri uache hilo kwa mwaka wa kwanza. Jifunze kwanza kuwasha mafiga matatu kwa njiti moja tu ya kiberiti, baada ya mvua, kwa kuni ulizozitafuta mwenyewe. Nilipojaribu mara ya kwanza nilimaliza nusu ya kiberiti, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwasha kabla ya kupanga. Tafuta kuni zilizokufa zikiwa bado zimesimama au zimening'inia, kwani zilizolala chini hunyonya unyevu. Zitenge katika mafungu matatu, yaani vijiti vyembamba kama njiti, vya unene wa kidole, na vya unene wa kifundo cha mkono, na usiwashe majani makavu ya mgomba kabla mafungu yote hayajawa tayari karibu nawe. Usifanye zoezi hili wala usiache sigiri ikiwaka katika chumba kilichofungwa, maana hewa ya mkaa huua bila harufu.

Kamba inafaa sana kwa jioni za mjini. Chukua maganda makavu ya shina la mgomba, ambayo Waganda huyaita ebyayi, uyachane vipande vyembamba na kuyalowesha kidogo yasikatike. Shika nyuzi mbili, sokota kila mmoja kuelekea kulia, kisha uzipishanishe kuelekea kushoto. Misokoto hiyo miwili inayopingana ndiyo inayozuia kamba isifumuke. Ongeza uzi mpya kabla wa zamani haujaisha, na viungo viwili visikutane mahali pamoja.

Kuhusu mwelekeo, simika fimbo wima, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20 na uweke la pili. Jiwe la kwanza liko upande wa magharibi, la pili mashariki.

Chakula cha porini ndicho kinachotaka subira kuliko vyote. Uyoga na majani usivyovijua usivile mpaka mtu anayevila mwenyewe akuonyeshe, tena kwa zaidi ya msimu mmoja. Muhogo mchungu una sumu, na lazima umenywe, ulowekwe kwa siku kadhaa na kukaushwa kabla ya kupikwa. Ukitaka kuanza kwa usalama, fanya amukeke ya Wateso: kata viazi vitamu vipande vyembamba, uvianike juani mpaka vivunjike kwa mlio, na uvihifadhi pakavu.

Uwindaji bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, hivyo mitego usiifanyie mazoezi. Kabla ya kulala katika hifadhi kama Mabira, omba ruhusa, chukua kiongozi mwenyeji, na umwachie jirani saa unayotarajia kurudi.