Kumtoa kijana kijiweni mpaka awe na kibanda chake

Mimi ni fundi wa pikipiki na mabomba ya kupulizia korosho, upande wa Newala, mkoani Mtwara. Kila mwaka akina mama wananiletea watoto wao: "Fundi, huyu kamaliza fomu foo, yupo yupo tu." Wengine walinikimbia, wachache wamesimama. Naandika kwa yeyote anayetaka kumshika mkono mdogo wake.

Hatua ya 1: Hesabu mwaka mzima

Huku pesa ina miezi yake. Juni hadi Agosti watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mabomba yanakuja kila siku: kamba ya kuwashia imekatika, plagi imelowa, kabureta imeziba. Oktoba hadi Desemba ni minada ya korosho. Baada ya hapo, mpaka Mei, kimya. Ukimtafutia kijana kazi ya kubeba magunia ghalani, Februari utamkuta kijiweni kwake palepale. Mimi ni mtu wa injini ndogo. Aliyefungua bomba la mota mara hamsini, pikipiki haimtishi, na bodaboda hawana msimu. Kubangua korosho nako kuna kazi, ila mafuta ya ganda yanababua mikono na malipo ni kwa kilo. Sijaona kijana wa kiume aliyedumu nako.

Hatua ya 2: Fundi

Mtafute anayeacha wanafunzi washike spana. Ukikuta wa mwaka wa pili bado anatumwa sigara, ondoka.

Hatua ya 3: Majina

Usiiruke hii. Mimi ilinila karibu mwezi mzima.

Kijana aliyejifunzia kibandani anaweza kupata cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa njia ya kurasimisha ujuzi: wanampima anachokijua tayari, haanzi kozi upya. Mtwara wana chuo, Lindi vilevile. Nilipompeleka wangu wa kwanza, cheti cha shule kikasoma Mohamedi, NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ikasoma Muhamed. Tukaambiwa tulete kiapo. Kwa uvivu nikayatuma majina kwa meseji kwa mtu wa kuchapa. Hati ikatoka imegongwa muhuri, imeandikwa Mohamed, bila ile i ya mwisho. Kiapo cha kuondoa utata kikatuzalia jina la tatu. Nauli ya Newala na Mtwara tulilipa mara nne, kwenda na kurudi, na kijana akaanza kusema heri aendeshe bodaboda ya mtu.

Siku hizi nafanya hivi, tena wiki ya kwanza anapoingia kibandani. Natandika mkekani cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, namba ya NIDA, halafu namtumia shilingi elfu moja kwenye simu nione jina gani linatokea. Tunasoma herufi moja moja, kwa sauti. Majina yote matatu, kwa mpangilio uleule. La babu ndilo linalorukwa zaidi. Na tarehe! NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ikikosewa, kosa limo ndani ya namba yenyewe, si herufi ya kurekebisha tu. Ndiyo maana nataka tulijue mapema, muda wa kufuatilia ukiwepo.

Vikitofautiana, mimi nashikilia cheti cha shule, vingine ndivyo vikifuate, maana cheti cha mtihani ni kigumu kukigusa. Asiyesoma, shikilia cha kuzaliwa. Kiapo kikihitajika nenda mwenyewe na nakala mkononi, kaa pembeni ya anayechapa, usome kabla muhuri haujatua. Akikunja uso, mwache akunje.

Hatua ya 4: Daftari la madeni

Kijana akianza kupokea kazi zake, mkulima atamwambia: "Mwanangu, nitengenezee, nitakulipa msimu." Hasemi uongo, Juni kweli hana. Ukikataa wote huna wateja, ukikubali wote huna hela ya vipuri. Kwangu kipuri ni taslimu, ufundi ndio unakopeshwa. Andika deni mwenyewe akiwa anatazama: jina, kijiji, na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anayouzia. AMCOS ndiyo muhimu, maana ukisikia wamelipwa, unajua kesho uende kwa nani. Tumia daftari gumu la kaunta. Simu inaanguka, inaibiwa, inauzwa.

Hatua ya 5: Mkopo, mwisho kabisa

Halmashauri inatenga kwa mikopo asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Vijana wanapewa kwa kikundi, na hapo ndipo vijana wanapookota wenzao wa kijiweni ili idadi itimie. Mimi sisaini barua ya kikundi ambacho hakijafanya kazi pamoja hata msimu mmoja. Muanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mnapopanga marejesho, pigeni hesabu kwa mapato ya Machi. Msiitazame Novemba. Wangu mmoja ana kibanda barabara ya Masasi. Machi anaziba pancha tu, na rejesho lake limekatwa kwa kipimo cha pancha.