Kabla ya upasuaji wa saratani ya mdomo: yanayohitaji ulimi yafanye mapema

Siku ya kuchukua majibu ya kinyama, yaani kipande kilichokatwa kidondani kupimwa saratani, usiende peke yako. Ukishasikia neno saratani, mengi yanayofuata hupita sikioni bila kuingia, kwa hiyo mpeleke mtu atakayesikiliza kwa niaba yako. Usiondoke bila karatasi ya majibu. Ipige picha kwa simu papo hapo, kwani ikipotea njiani kati ya kliniki na hospitali ya Mulago, Kampala, unaweza kukatwa kinyama upya, na wiki zikaenda bure.

Ikiwa Kiganda chako ni cha sokoni tu na Kiingereza hukiwezi, tafuta mkalimani mtu mzima. Mtoto wa shule asibebeshwe kazi ya kumwambia baba yake kwamba ulimi utakatwa.

Maswali ya kumuuliza daktari mpasuaji si mengi. Uvimbe umekaa wapi hasa: ulimini, kwenye ufizi, shavuni, au chini ya ulimi? Una ukubwa gani, na umezama kiasi gani? Uvimbe usiozidi sentimita 2, wenye kina kisichozidi milimita 5, huhesabiwa mdogo kabisa. Uliza pia kama umefika kwenye tezi za shingo. Picha ya CT (ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili) ya shingo na kifua ndiyo inayojibu vizuri zaidi. Hata tezi zisipoguswa kwa kidole, mara nyingi madaktari huzitoa za upande ule, kwa sababu saratani hii hupenda kupitia huko. Ndiyo maana mtu aliyekwenda kwa kidonda cha ulimi huamka na mshono mrefu shingoni. Afadhali ulijue hilo mapema.

Kisha uliza pengo litazibwa na nini. Pengo dogo hushonwa tu. Kubwa hujazwa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili: kifuani, au mkononi pamoja na mishipa yake ya damu. Taya likikatwa, huweza kutengenezwa kwa mfupa mwembamba wa mguu. Ukiambiwa ni nyama ya mkono, kwa kawaida huchaguliwa mkono usioandikia, na kuanzia siku hiyo mkono huo usitolewe damu wala kuwekewa dripu. Kila mhudumu anayekuja na sindano mwambie. Wengine huandika kwa kalamu kwenye ngozi: usichome hapa. Mshipa ulioharibiwa na dripu unaweza kuharibu mpango mzima wa upasuaji. Na mwanamume atakayewekewa nyama ya kifua asishtuke nywele zikiota mdomoni baadaye.

Meno yakaguliwe kabla. Mabovu hung'olewa mapema au siku hiyohiyo ya thieta (chumba cha upasuaji), kwa sababu huenda baadaye ukahitaji mionzi ya kutibu saratani, na taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri. Jino likitolewa baada ya mionzi, shimo linaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Lakini jino linalocheza karibu na kidonda lisiguswe na yeyote ila daktari wako mpasuaji. Huenda linacheza kwa sababu uvimbe umekula mfupa. Kwa usafi, tumia mswaki laini na maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

Chakula ndicho kinachopuuzwa kuliko yote. Pima uzito leo. Aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 54 ndani ya miezi sita anaingia thieta akiwa dhaifu, na mshono wake una hatari ya kuachia. Matoke na posho (ugali) hushibisha, lakini kidonda kinataka protini. Pika uji wa wimbi kwa maziwa, koroga karanga za kusaga au unga wa mukene (dagaa), ongeza yai wakati uji bado unachemka. Ovakado iliyopondwa hupita hata mdomo ukiuma. Ndimu na pilipili weka kando. Ukianza kupaliwa kila unapomeza, sema, maana unaweza kuhitaji mpira wa kulishia puani hata kabla ya upasuaji.

Sigara iache sasa. Wiki nne za kutovuta husaidia mapafu na kidonda, na hata siku chache ni afadhali kuliko kutoacha. Pombe ina hesabu yake. Anayekunywa waragi (pombe kali) kila siku akiikata ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa au kupata degedege siku mbili tatu baadaye, na wodini watu wakadhani ni dawa ya usingizi. Taja kiasi halisi, na mairungi (miraa) pia kama unatafuna. Daktari wa usingizi si padri wala shehe.

Dawa zako zote zipeleke katika mfuko mmoja, za kienyeji zikiwemo. Za presha, sukari na ARV usiziache kwa uamuzi wako; za kuyeyusha damu, kama warfarini na aspirini, uliza angalau wiki moja kabla. Uliza pia kama ndugu wanatakiwa kujitolea damu. Kuhusu kufunga kabla ya thieta, kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, ila fuata saa uliyopewa. Chai ya maziwa ni chakula. Wapo wanaorudishwa wodini kwa kikombe kimoja cha chai ya alfajiri.

Sasa tuje kwenye ukimya. Mdomo utavimba, na huenda ukatobolewa tundu la kupumulia shingoni. Hewa ikipita hapo haifiki kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo sauti haitoki. Kwa wengi tundu hufungwa uvimbe ukishuka, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, lakini siku hizo ni ndefu. Tengeneza kadi ya karatasi ngumu. Upande mmoja andika kwa Kiswahili, mwingine mtu akuandikie kwa Kiingereza, mistari ikilingana: nashindwa kupumua, ninyonyeni makohozi, naumwa, niinueni kichwa, nataka kujisaidia. Nesi asiyesoma Kiswahili ataona unaponyoosha kidole. Asiyejua kusoma achorewe picha. Fanyeni zoezi nyumbani kwa saa moja bila kusema neno, na mtaona kipi kimesahauliwa.

Yanayohitaji maneno yamalize kabla: ada za shule, shamba, nani anadaiwa. Hamisha pesa za matumizi kwenye laini ya anayekuuguza, maana ukiwa na tundu shingoni hutaweza kupigia kampuni ya simu kujieleza. Watoto waambiwe kwamba baba au mama atarudi amevimba, na usemi wake utakuwa mzito. Wengine hurekodi sauti yao kwenye simu, wakiwaita watoto kwa majina.

Anayekuuguza naye ajiandae, na wawe wawili wa kupokezana. Beseni, jerikeni, shuka, chupa ya chai na mito ya kuinua kichwa vinajulikana. Kinachosahaulika ni taulo ndogo, angalau sita, kwa sababu mate hutiririka mchana na usiku. Ajifunze kulisha kwa mpira kabla hajaachiwa kazi hiyo. Kwanza atazame alama ya mpira puani. Ikiwa imesogea, asimimine kitu, amwite nesi. Mgonjwa aketi, asilale chali, na abaki ameinuka nusu saa baada ya kulishwa. Uji uchujwe kwa kitambaa na ushuke polepole kwa bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, bila kusukumwa kwa nguvu. Kabla na baada, mililita 30 za maji safi zipite. Mpira huziba kwa sababu mbili hasa: uji wenye chenga, na vidonge vilivyopondwa ovyo. Mgonjwa akikohoa, acha mara moja.

Mwisho ni bajeti. Wengi hukusanya pesa za upasuaji wakasahau mionzi. Nyama iliyotolewa kwenye upasuaji hupimwa tena, na ikihitajika mionzi, hulengwa ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Mara nyingi ni vipindi 30 hivi, siku tano kwa wiki, yaani wiki 6 nyingine za kulala na kula Kampala. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika, wagonjwa walilazimika kutafuta huduma nje ya Uganda. Hali imebadilika tangu hapo, lakini foleni ipo. Anayetoka Arua au Kisoro atafute mapema ndugu au chumba karibu na Mulago, na siku ya kuruhusiwa aulize tarehe ya mionzi kabla hajapanda basi.