Kukadiria Umri wa Chupa ya Dawa ya Enzi za Walowezi

Usiioshe kwanza. Lebo ikilowa, ushahidi umekwenda na maji. Ukikuta kipande cha stempu ya ushuru wa dawa ya Uingereza, chupa ilifungwa kabla ya ushuru huo kufutwa mwaka 1941.

Kisha fuata mshono wa kalibu (mstari ulioachwa na kiungo cha umbo la kumiminia kioo) kwa ukucha, kuanzia kitakoni. Mshono ukipotea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Mshono ukipanda hadi ukingoni na shingo ni nyembamba, ni kazi ya mashine, na huenda ni ya karne ya 20, baada ya Michael Owens kubuni mashine ya kutengeneza chupa. Hapa ndipo wengi hukosea: kazi ya mkono haikukoma siku moja, kwa hiyo mshono pekee hautoshi. Usipoona mshono wowote, tafuta mistari hafifu inayozunguka. Chupa ilizungushwa ndani ya kalibu na mshono ukafutika.

Rangi ya zambarau hafifu hutokana na manganizi, madini yaliyochanganywa kwenye kioo, iliyopigwa jua kwa miaka mingi. Zambarau nzito ishuku, kwani wauzaji huitengeneza kwa mionzi.

Masalia ya dawa usiyaonje kamwe: nyingi zilikuwa na afyuni, nyingine zebaki.