Somo: Wingi wa Kiingereza usiotaka "s"

Sisi tumezoea wingi kukaa mwanzoni mwa neno: mtu, watu, kwa Luganda omuntu, abantu. Kiingereza huuweka mwishoni, na mara nyingi ni "s" tu. Yanayokaidi ni maneno machache ya kale, lakini ndiyo tunayoyatumia kutwa. Usiyakariri kwa alfabeti, yashike kwa koo zake.

Hatua ya 1. Anza na yanayobadilika katikati: foot – feet, tooth – teeth, goose – geese, man – men, mouse – mice, louse – lice. Yatamke kwa sauti, mawili mawili. Woman lina mtego wake. Kwenye karatasi inabadilika "a" kuwa "e", women, ila sikioni kinachogeuka zaidi ni mwanzo: "wu" inakuwa "wi", yaani wimin. Wengi huliandika sawasawa, wakifungua mdomo wanakwama.

Hatua ya 2. Child – children, ox – oxen. Childrens utaiona hadi kwenye vibao vya maduka. Children imebeba alama mbili za wingi tangu zamani, ile "r" na ile "en". Ya tatu ya nini? Children's yenye ritifaa ni habari nyingine, hiyo ni ya umiliki.

Hatua ya 3. Mengi yenye f au fe mwishoni huchukua ves: knife – knives, leaf – leaves, wife – wives, thief – thieves. Halafu roof, chief na belief yanagoma: roofs, chiefs, beliefs. Hapa ni kuzoea tu, msinitafutie kanuni.

Hatua ya 4. Sheep na deer hayabadiliki. Hili halitusumbui, maana hata kondoo wetu ni kondoo, awe mmoja au kumi.

Hatua ya 5. Ya Kigiriki, yanayopendwa maofisini: criterion – criteria, phenomenon – phenomena, crisis – crises. Kwa hiyo "this criteria" si sahihi.

MASWALI

Mwanachama, Mbale: Mwalimu, nikinunua mouse mbili za kompyuta, niseme mice?
Jibu: Sema mice. Kamusi zinakubali mouses pia kwa kifaa hicho, lakini mice haina ubishi.

Mwanachama, Kampala: Nauza samaki Ggaba. Ni fish au fishes?
Jibu: Mezani pako una sangara watano, hao ni five fish. Fishes hutumika zaidi ukizungumzia aina mbalimbali, mathalani sangara, ngege na kambare wa Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria.

Mwanachama, Arua: Na informations? Bosi wangu anaiandika kila barua.
Jibu: Haipo, kama zisivyokuwepo furnitures, luggages na equipments. Ukitaka kuhesabu, sema two pieces of information. Kumsahihisha bosi, ndugu yangu, hilo utajua mwenyewe.