Pima Hewa Kabla ya Kujenga Chumba Baridi cha Mkaa

Mkulima wa mboga wa Dodoma au Singida ana mali ambayo wengi hawaihesabu: hewa kavu ya kiangazi. Chumba baridi cha mkaa, yaani chumba cha kuhifadhi mboga chenye kuta za mkaa uliolowa maji, hakihitaji umeme, lakini bila hewa hiyo hakifai kitu, hata ukikimwagia maji kutwa.

Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Kila lita inayokauka kwenye kuta huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, kutoka kwenye hewa inayopita na mboga zilizomo ndani. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Hewa ikishajaa unyevu haipokei mvuke tena, na kupoa kunakoma. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 25 inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 19. Yenye unyevu wa asilimia 80 huishia 29. Kwa hiyo mkulima wa Tanga au Mombasa simshauri kabisa atoe fedha yake kwa ujenzi huu.

Pima kwanza. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha, kisha vitundike kivulini penye upepo saa nane mchana. Subiri dakika kumi. Tofauti ikifika nyuzi 8, jenga. Ikiwa chini ya 5, afadhali uvune alfajiri na kuuza siku hiyohiyo. Rudia kipimo msimu wa mvua, maana chumba kilekile hupoteza nguvu wakati huo.

Kuta ziwe mbili, za waya wa kuku, zilizoachana sentimita 10 na kujazwa mkaa. Vipande vidogo wanavyobakiza wauza mkaa vinatosha. Tafadhali usikate mti kwa kazi hii. Ezeka nyasi, si bati. Mpira wenye matundu juu ya kuta udondoshe maji polepole, na mkaa usikauke mchana, saa ambazo hewa ni kavu zaidi na chumba kinafanya kazi kubwa kuliko zote.

Mchicha, sukuma wiki, karoti na nyanya viingie vikiwa vimevunwa asubuhi, kwenye kreti zilizo wazi, si mifuko ya plastiki. Vitunguu na nafaka visiingie kamwe, kwani unyevu unaonusuru mchicha huviozesha. Nyama na maziwa navyo vibaki nje: nyuzi 19 hazizuii bakteria.